Daftari la Njia Mpya

Baba hakuniachia nyumba. Aliniachia madaftari tisa
yanayonuka moshi wa makaa ya mawe, na kazi isiyo na mshahara:
kuandika kila njia mpya inayofunguliwa
kwenye minara ya mawe ya mchanga juu ya mto Elbe.
Jina la njia, tarehe, aliyetangulia, aliyeshika kamba.
Sifa hazina safu.

Daftari la kwanza ni la dohani na nyufa pana.
Walitafuta mlango: penye upenyo, penyeza bega,
kisha goti, kisha pumzi.
Ottomar Zschoche, seremala, 1911, miguu peku,
aliongeza kwa penseli: Mlikuwa na bundi humu. Tumemtaka radhi.

Baadaye kurasa zinakonda.
1944: njia moja, ya Gerlinde Pietzsch, miaka kumi na saba,
na aliyeshika kamba ni mama yake.
1945: mwaka, mstari wa rula, basi.

Kisha wakauacha ufa, wakaukabili uso.
Uso hauna mlango.
Unasimama juu ya kitu kipana kama kifungo cha shati,
unatoboa kwa nyundo na patasi, mguu ukicheza cherehani,
mpaka shimo likubali pete ya chuma.
Baba alitumia dakika tisini kwa shimo moja.
Kati ya pete na pete: fundo la kamba lililoshindiliwa ufani,
na mita nane za kujuta.

Mpaka ulikuwa umefungwa. Hatukuweza kwenda mbali, tukaenda juu.
Daftari la tano, la sita, la saba: wino haukukauka.
Njia zikaitwa Pasipoti, zikaitwa Foleni ya Ndizi,
na moja, ya Baba, ukuta wa kaskazini wa Mnara wa Mfinyanzi,
ikaitwa Jumanne.
Hakuna aliyejua kwa nini. Mama alijua.

Mpaka ulipofunguka, daftari la nane likalala.
Vijana walishuka kusini kwenye mawe ya chokaa na jua,
penye drili za betri na pete kila baada ya hatua mbili,
wakarudi na vidole vyeupe na swali moja:
Lazima tuogope?
Tulibishana mpaka mwenye baa akatuzimia taa.
Jibu sijalisikia hadi leo.

Siku hizi madaraja yanapanda, idadi inashuka.
Wanajibana kati ya njia na njia, nafasi ya upana wa kabati:
mkono wa kulia kwa babu ya mtu,
wa kushoto kwa shangazi ya mwingine.
Ndivyo Thuy Hoang, binti wa muuza maua wa Pirna,
alivyonijia mwezi Machi na mchoro.
Mstari wake ulipanda sambamba na Jumanne.
Pete yake ya pili ingekaa palepale Baba alipokuwa peke yake;
atakayefuata nyuma ya Baba angenyoosha mkono tu,
na mita nane zile zingekwisha.

"Ukisema hapana," alisema, "ninafuta."

Mimi sijawahi kuipanda Jumanne.
Nina miaka sitini na mmoja na nyonga ya chuma.
Nilimpa koti. La kodrai, Mama alilishona,
kiraka cha ngozi kwenye kiwiko.

Tulingoja siku tatu baada ya mvua, maana jiwe hili likilowa huvunjika.
Alilivaa, akaning'inia kutoka juu,
akaushika mshiko wa Baba,
akauacha mkono wa koti ulale wote jiweni.
Ulimzidi kiganja kizima.
Kutoka ncha ya mkono ule akaongeza shubiri mbili, akatia alama,
na hapo ndipo aliporudi kutoboa, akitokea chini, kwa nyundo,
dakika mia moja na kumi,
nami nimeshika kamba, nahesabu.

Daftari la tisa, ukurasa wa arobaini na moja:
jina, tarehe, Hoang, mimi.
Safu zimekwisha.
Koti amebaki nalo. Nimemwambia asilifue.